Dodoma Ilichorewa kwa Ajili ya Basi, Ikabebwa na Kipanya

Wadau, kuna kitu kuhusu jiji letu wengi hatukijui. Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, kazi ya kuchora mji ilipewa kampuni moja ya Kanada. Mwaka 1976 mpango ukawa tayari. Kwenye michoro ile gari binafsi halikuwa bosi. Watu wangetembea kwa miguu, na mitaa ingeunganishwa na barabara maalumu za mabasi. Yaani miaka 40 kabla mwendokasi ya Dar haijaanza kubeba abiria 2016, Dodoma ilishakuwa nayo. Kwenye karatasi.

Na kwenye karatasi ikabaki. Sasa swali: mji ulipokua, nani alitubeba?

Jibu ni kipanya. Toyota HiAce.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya sabini kule Dar, usafiri wa mjini ulikuwa wa UDA, shirika la umma. Mabasi yalikuwa machache, watu nyomi, kwa hiyo watu binafsi wakaanza kubeba abiria kimyakimya, wakikimbizana na askari. Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe, magari ya watu binafsi yakaruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani ilikuwa inaitwa dala. Hapo ndipo lilipozaliwa jina daladala. Milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika yakamiminika kutoka Japani, na HiAce ikatapakaa nchi nzima.

Kwa nini hiyo na siyo gari lingine? Kwanza, Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango wa kusukuma uko upande wa kushoto. Abiria anashukia pembeni, siyo katikati ya barabara. Pili, gari halina pua. Injini iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo karibu urefu wote wa bodi unabaki kuwa wa watu. Kwa mwenye gari, kila inchi ni nauli.

Lakini muulize suka aliyeanza kazi miaka ya tisini hiyo injini chini ya siti maana yake nini. Namfahamu mmoja, jina tuliache. Kapiga ruti za Jamatini mpaka mvi zimemtoka. Gari lake lilikuwa HiAce ya mtindo uliotoka 1989, gia iko pembeni mwa usukani. Nilikaa siti ya mbele siku moja saa nane mchana, jua la Dodoma mnalijua. Joto linatoka juu, joto linatoka chini. Dereva amekaa juu kabisa ya tairi za mbele, kwa hiyo kila shimo linamfikia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Usukani umelala kama wa basi. Kuona anaona vizuri sana, barabara yote iko miguuni pake. Ila hapo ndipo pa kuogopa: mbele ya magoti yake kuna bati tu. Likitokea la kutokea, wa kwanza kuumia ni yeye.

Na masika je? Tunasimuliwa kwamba jina Dodoma limetokana na neno la Kigogo kuhusu tembo aliyezama kwenye tope. Kama tembo alizama, kipanya ni nani? HiAce nyingi zinasukumwa na tairi za nyuma, na abiria wakijaa nyuma inashika kidogo. Ikishindikana, konda anashuka, wanaume wanashuka, tunasukuma. Halafu nauli tunalipa vilevile!

Kisha ikaja Noah. Ilizaliwa Japani 1996, gari la familia la watu wanane. Injini bado iko chini ya siti za mbele, ila tairi za mbele zimesogezwa mbele ya miguu ya dereva. Tofauti unaisikia dakika ya kwanza: mitikisiko haikupigi moja kwa moja kiunoni, na walau kuna kapua kadogo mbele yako. Noah ya 2001 ikabadilika kabisa: injini ikahamia mbele, tairi za mbele ndizo zinazovuta, sakafu ikashuka, bibi anapanda bila kushikwa mkono. Tamu sana kwenye lami. Kwenye makorongo ya vijijini, ile sakafu ya chini inaanza kukwaruza, na wengi bado wanaililia ile ya zamani.

Tatizo ni kwamba Noah ilitengenezwa kwa ajili ya baba, mama, watoto na mzigo wa wikiendi. Nimepanda ya kwenda Kondoa tukiwa kumi na mbili, pamoja na gunia la karanga na jogoo. Breki na shokapu zilipimwa kwa watu wanane. Tukicheka kubanana, tukumbuke hilo pia.

Mwaka 2016 tangazo likatoka: serikali inahamia Dodoma kweli, siyo ile ya kila mwaka. 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Ofisi za wizara zikaenda Mtumba, karibu kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Picha za uhamisho tuliziona: mawaziri, mafaili, makontena. Lakini mhudumu wa ofisi, mpishi wa kantini, fundi ujenzi na dada wa usafi walifikaje kule asubuhi? Walifika kwa daladala, saa kumi na moja alfajiri, konda akining'inia mlangoni huku upepo wa baridi ukimpiga.

Yule suka hajawahi kuwa na mkataba. Ana hesabu ya bosi ya kila siku, na akiumwa anakaa deiwaka. Hakuna jalada lolote lenye jina lake. Ila ukiniuliza nani aliutekeleza ule mpango wa 1976 wa mji unaotembea kwa basi, nitakwambia ni yeye na wenzake, bila ramani na bila barabara yao.

Kule Dar vipanya viliondolewa katikati ya mji, vikasukumiwa pembezoni. Na kwetu zamu itafika, na mimi sipingi. Basi kubwa ni salama zaidi, na magoti ya madereva yamevumilia vya kutosha. Ninachoomba ni kwamba siku mabasi makubwa yakija, watakaoitwa kwanza kushika usukani wawe hawa wanaoijua kila kona ya Chang'ombe na Nkuhungu.

Leo ukishuka, kabla hujasukuma mlango, mwambie suka asante. Halafu njoo utuambie: kipanya chako cha kwanza kilikuwa cha ruti gani?