Nyota tano au sufuri: jinsi ya kusoma uhakiki wa albamu mpya

Tangu Julai 2015, Ijumaa ndiyo siku ya kutolewa albamu mpya karibu dunia nzima. Ikifika Jumamosi, wahakiki wa Marekani na Uingereza wamekwisha kutoa hukumu. Huyu apewa nyota nne, yule apewa 6.3, mwingine aambiwa heri angenyamaza. Kijana wa Likoni au Malindi anayesikiliza roki na popu kwenye simu huziona alama hizo kabla hata ya kufungua wimbo wa kwanza. Yafaa basi tujue alama hizi zatoka wapi, zahesabiwa vipi, na tuziamini kwa kiasi gani.

Walikotoka wahakiki

Magazeti ya muziki ni ya zamani kuliko roki yenyewe. Melody Maker la London lilianza mwaka 1926, na New Musical Express likafuata 1952. Lakini uhakiki wa roki kama kazi yenye uzito wake ulishika mizizi Marekani katikati ya miaka ya 1960. Paul Williams, akiwa bado mwanafunzi wa chuo, alianzisha jarida la Crawdaddy mwaka 1966. Mwaka uliofuata Jann Wenner na Ralph Gleason wakaanzisha Rolling Stone mjini San Francisco. Mwaka 1969 Robert Christgau alianza safu yake katika Village Voice la New York, akizipa albamu alama za herufi kama mwalimu anayesahihisha insha.

Sababu ya kazi hii ilikuwa pesa. Santuri ilikuwa ghali, na redio haikupiga ila wimbo mmoja au miwili. Mnunuzi alihitaji mtu wa kumwonjea embe kabla hajalipia kapu zima.

Alama zahesabiwa vipi

Rolling Stone lilizoeleka kwa nyota, mwisho tano. Pitchfork, iliyoanzishwa na Ryan Schreiber mjini Minneapolis mwaka 1996, hutoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0, yaani hata sehemu moja ya kumi yahesabiwa. Kisha mwaka 2001 ukaja mtandao wa Metacritic. Huo hauhakiki chochote. Hukusanya maoni ya wengine, huyageuza yote yawe alama juu ya 100, halafu hutafuta wastani, na baadhi ya magazeti hupewa uzito zaidi kuliko mengine.

Hapo msomaji awe macho. Mhakiki aliyeandika kwa maneno matupu bila alama huwekewa alama na wafanyakazi wa mtandao huo kwa jinsi walivyomwelewa. Tena wastani huficha mambo. Albamu yenye 70 huenda ni ile ambayo kila mtu aliiona ya kawaida. Huenda pia nusu ya wahakiki waliipa 100 na nusu nyingine 40. Alama ni ile ile, ila albamu hizo mbili hazifanani hata kidogo, na ya pili ndiyo ambayo ningekushauri uisikilize mwenyewe.

Hukumu zilizogeuka

Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilipotoka Januari 1969, John Mendelsohn wa Rolling Stone aliiponda. Mwaka 2003 jarida hilo hilo lilipotoa orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote, liliiweka nafasi ya 29. Mwaka 1991 Nevermind ya Nirvana ilipata nyota tatu tu katika jarida hilo. Leo ni vigumu kukuta orodha ya roki isiyoitaja karibu na kileleni.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na mpaka leo wageni huenda Mji Mkongwe kutazama makumbusho yake. Kundi hilo lilipotoa albamu ya Jazz mwaka 1978, Dave Marsh wa Rolling Stone alilishambulia vikali, hata akalifananisha na mafashisti. Wasikilizaji hawakumfuata. Mkusanyiko wa nyimbo zao uliotoka 1981 ndio albamu iliyouzwa zaidi katika historia ya Uingereza, nakala zaidi ya milioni 7.

Wapo pia waliorudi nyuma wenyewe. Mwaka 2003 Pitchfork iliipa albamu ya Liz Phair sufuri kamili, 0.0. Aliyeandika uhakiki huo, Matt LeMay, alimwomba radhi mwimbaji hadharani mwaka 2019. Ni jambo la kiungwana, ila miaka 16 ilikuwa imeshapita.

Kwa nini wakosea

Kwanza ni haraka. Zamani mhakiki alipelekewa albamu wiki kadhaa kabla ya umma. Tangu Beyoncé alipoitoa yake ghafla Desemba 2013, mara nyingi mhakiki huisikia saa ile ile na mashabiki, naye hutakiwa kuandika kabla hakujapambazuka. Aprili 2024 Taylor Swift alitoa The Tortured Poets Department, na saa mbili baadaye akaongeza nyimbo nyingine hadi zikawa 31. Nani aweza kuzipima nyimbo 31 kwa usiku mmoja?

Pili ni mapendeleo. Kwa miaka mingi wahakiki wengi walichukulia kuwa gitaa na jasho ndio muziki wa kweli, na popu ya kudensi ni upuuzi wa watoto. Oktoba 2004 Kelefa Sanneh aliukosoa mtazamo huo katika New York Times, na mjadala ukawaka. Siku hizi baadhi ya watu hulalamika kinyume chake, kwamba nyota wa popu hawakosolewi tena.

Tatu ni hofu. Jarida la Paste lilipoikosoa albamu hiyo ya Swift halikuweka jina la mwandishi, kwa sababu mwandishi wake mmoja alitishiwa mwaka 2019 kwa kuikosoa albamu nyingine ya mwimbaji huyo huyo. Ikifika mahali mtu aogopa kusema wimbo haukumpendeza, kazi imeharibika. Nayo kazi yenyewe yapungua. Januari 2024 wamiliki wa Pitchfork waliiunganisha na jarida la wanaume la GQ na kuwaachisha kazi waandishi kadhaa.

Na kwetu je?

Baadhi yenu mtasema, hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Vijana wa Pwani watoa nyimbo kila wiki, na wanachopata ni sifa kutoka kwa rafiki zao au matusi kutoka kwa wasiowapenda. Hakuna anayewaambia kwamba sauti imezama chini ya ngoma, au ubeti wa pili haukuongeza neno juu ya wa kwanza. Idadi ya waliotazama video haisemi hayo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wala ukosoaji si mgeni hapa. Malenga aliyevunja mizani aliambiwa barazani, mbele ya watu, akaenda akarekebisha. Tulichokosa ni mtu wa kuandika hayo kwa adabu na kwa ujuzi.

Kwa hivyo unaposoma uhakiki, wa ng'ambo au wa hapa, soma maneno kabla ya alama. Tazama kama mwandishi aeleza kilichomo: sauti, ala, mashairi, mpangilio. Asiyeeleza, akatukana au kusifu tu, mwache. Tafuta mwingine anayempinga, uwalinganishe. Kisha isikilize albamu mwenyewe, na baada ya mwezi uirudie.

Mhakiki ni shahidi. Shahidi mwema husema alichokisikia, hamwonei msanii wala hamwogopi, na hukumu humwachia msikilizaji.