Unururifu asilia wa vifaa vya ujenzi

Unururifu asilia wa vifaa vya ujenzi ni mnururisho unaotoka katika mawe, mchanga, udongo, matofali na saruji kutokana na elementi nururifu zilizomo ndani yake tangu Dunia ilipoumbika. Kwa kawaida kiasi chake ni kidogo.

Chanzo

Elementi zinazohusika hasa ni uraniamu, thoriamu na potasiamu-40. Nusumaisha ya uraniamu-238 ni miaka bilioni 4.5 hivi, na ya thoriamu-232 ni bilioni 14. Ndiyo sababu bado zipo. Kwa kawaida graniti huwa nazo nyingi kuliko mawe ya chokaa. Mlima Mrima katika Kaunti ya Kwale, Kenya, una thoriamu nyingi; mahali pa namna hiyo hata udongo wa kujengea huweza kuibeba.

Athari

Wakazi hufikiwa kwa njia mbili. Kwanza, miali ya gama hutoka moja kwa moja ukutani. Pili, uraniamu ikioza huzaa radiamu, nayo radiamu huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Nusumaisha ya radoni ni siku 3.8, muda unaotosha kupenya ukuta na kuingia hewani. Ikivutwa kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu, hasa kwa wavutaji wa sigara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo wa hewa; isipowezekana, isipite 300. Katika nyumba nyingi radoni hutoka zaidi ardhini kuliko kutani.

Mfano wa Uswidi

Kuanzia 1929 hadi 1975 Uswidi ilitengeneza zege jepesi la rangi ya buluu kwa mwamba wenye uraniamu. Lilipendwa kwa wepesi wake na kwa kuhifadhi joto. Nyumba nyingi za zege hilo bado zinakaliwa. Hupimwa radoni na kuongezewa njia za kupitisha hewa.

Upimaji

Umoja wa Ulaya hutumia kipeo hiki, kwa bekereli kwa kilo:

radiamu-226 ÷ 300 + thoriamu-232 ÷ 200 + potasiamu-40 ÷ 3000

Kwa mfano, zege lenye 40, 30 na 400 hupata takriban 0.42. Jibu likizidi 1, kifaa huchunguzwa zaidi kabla ya kutumika katika makazi.