Skauti Walijifunza kwa Nani?

Baba yangu alikuwa skauti. Ukikaa naye nusu saa utalijua hilo, maana atakwambia. Alivishwa skafu mwaka 1978, darasa la tano, katika shule ya msingi kule Msangano, bonde la Mto Momba, enzi hizo tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Uskauti wake ulidumu miaka miwili tu. Mwalimu aliyeanzisha kikundi alihamishwa, na skauti ikahama naye. Lakini mpaka leo mzee akimaliza kufunga mzigo kwenye baiskeli huigonga ile kamba kwa kiganja na kusema, "Hilo ndilo fundo la skauti."

Babu, yaani baba yake, hakuwahi kulikubali hilo jina. Yeye alikuwa na fundo lilelile, kitanzi kisichobana, unakivisha shingoni mwa maksai na hata akivuta usiku kucha hakimkabi. Alilifunga kwa kamba ya gome la mti tangu kabla baba hajazaliwa. "La skauti vipi?" alikuwa akiuliza. "Skauti wana ng'ombe?"

Basi nimekulia ndani ya ugomvi huo mdogo: fundo ni la nani? Babu alishafariki na nilidhani ugomvi umezikwa naye, mpaka mwaka jana mwanangu alipojiunga na skauti shuleni kwake Tunduma, akaja nyumbani akanifundisha mimi kufunga kitanzi kisichobana. Nikaanza kusoma. Ninayoandika hapa ni niliyoyakuta, pamoja na mambo mawili matatu ya nyumbani ambayo hayamo kitabuni.

Tuanze na mwenyewe. Robert Baden-Powell, Mwingereza mwanzilishi wa skauti, hakulelewa na baba. Baba yake, kasisi na profesa wa jiometri kule Oxford, alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na miaka 3. Mambo ya kambi na mashua aliyapata kwa kaka zake. Ufundi uliompatia jina aliupata jeshini, na sehemu kubwa aliupata huku Afrika. Mwaka 1896, Waingereza walipopigana na Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, yeye alikuwa akizunguka milima ya Matopo akisoma nyayo na kuhesabu moshi wa kambi za adui. Katika milima hiyo alijifunza kwa watu wawili wanaojulikana kwa majina. Mmoja ni Mmarekani, Frederick Burnham. Wa pili ni Mwafrika, Jan Grootboom, mpelelezi ambaye Baden-Powell mwenyewe alimsifu kwa ujasiri na akili. Burnham aliandika vitabu vyake. Grootboom tunamjua kwa yale ambayo wengine waliandika juu yake.

Na tusijidanganye, yale hayakuwa mazoezi ya watoto. Katika vita hiyohiyo chifu mmoja, Uwini, alikamatwa akiwa majeruhi, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi kwa amri ya Baden-Powell. Ulifanyika uchunguzi, akasafishwa. Kwenye vitabu vya watoto habari hiyo huikuti.

Kuna kichekesho kimoja lazima nikitaje. Alijivunia jina aliloamini Wandebele wamempa, Impeesa, akalitafsiri kuwa mbwa mwitu asiyelala. Sasa wewe msomaji wa Kiswahili hebu lisikilize tena hilo neno. Kwa Kindebele na Kizulu *impisi* ni fisi, ndugu wa damu wa fisi wetu huyuhuyu. Mtu kaitwa fisi, kaenda kwao kusema ni mbwa mwitu! Babu angelala na njaa siku hiyo kwa kucheka.

Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, kwa kambi ya kwanza ya majaribio. Aliwaamsha kwa kupuliza pembe la tandala, alilolipata katika vita ile ya Wandebele. Mwaka uliofuata, 1908, kikatoka kitabu chake, Scouting for Boys, na mambo yakalipuka. Baadaye, mwaka 1919, walipoanza kufundisha viongozi wa skauti kule Gilwell Park, tuzo yao ikawa shanga za mti kutoka kwenye mkufu ambao Baden-Powell aliuleta kutoka nchi ya Wazulu, na ambao alisema ulikuwa wa Dinuzulu. Kiongozi wa skauti wa Tanzania aliyehitimu mafunzo hayo bado ananing'iniza shanga mbili za namna hiyo kifuani.

Sisemi kila kitu kimetoka Afrika. Aliazima pia kwa Ernest Thompson Seton, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa Amerika Kaskazini maisha ya porini kwa kufuata Wahindi Wekundu, na aliazima kwenye riwaya ya Kipling. Lakini pembe, shanga na kusoma nyayo vimetoka huku. Elimu ambayo mwindaji na mchungaji wa Kiafrika alimpa mwanawe bila daftari ilipanda meli, ikachapwa London, ikarudi na sare.

Iliporudi haikupitia kwa baba.

Hapa ndipo nilipokwama siku kadhaa. Nilizichukua kanuni za skauti kama zilivyotoka mwaka 1908 nikatafuta neno wazazi. Kanuni ya uaminifu inamtaja mfalme, maofisa, nchi, na mwajiri. Mwajiri! Kanuni ya utii inamtaja kiongozi wa doria na mkuu wa skauti. Baba na mama hawamo katika hizo mbili. Waliongezwa katika matoleo ya baadaye. Sidhani kama ilikuwa njama. Nadhani aliyeandika alikuwa mtu aliyekua bila baba, akaishi kambini, na mfano wake wa mtoto mwema ukawa mtoto mwenye ofisa mwema.

Kwa Waingereza pengo hilo lilizibika lenyewe, maana vikundi vingi vilikaa kanisani au mtaani na akina baba wakaingia humo kama viongozi. Huku kwetu skauti iliingizwa shuleni. Na shule ya kikoloni, tukubaliane, ilikuwa ni mahali pa kumtoa mtoto mkononi mwa baba. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu hasa, ili watakaporithi watawale kwa namna iliyotakiwa. Mwaka 1937 akaingia pale kijana kutoka Butiama, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Julius Nyerere alisoma kitabu cha Baden-Powell, na yeye na wenzake wakasaidia kuanzisha kikosi cha skauti shuleni. Napenda kufikiria kwamba kwa vijana wale kanuni ya nne, ile ya kila skauti kuwa ndugu wa skauti mwenzake bila kujali tabaka, haikuwa pambo. Wakati huohuo Afrika Kusini vijana weusi walizuiwa kuingia, wakawekwa kwenye chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders, na hata waliporuhusiwa mwaka 1936 ilikuwa kwa matawi yaliyotenganishwa kwa rangi. Mwanahistoria Timothy Parsons ana kitabu kizima juu ya mvutano huo, jinsi kanuni ileile ilivyomuumbua aliyeileta.

Chifu Burito alifariki mwaka 1942, mwaka ambao mwanawe alimaliza Tabora. Huyu mtoto alikulia kati ya mifugo na mashamba, na ufundi wa kambi akaupata kutoka kwenye kitabu cha Mwingereza, mamia ya kilomita kutoka kwa baba yake.

Tanganyika skauti inahesabiwa kuanza mwaka 1917. Nikiutazama mwaka huo nikiwa mtu wa mpakani nasikia uchungu kidogo. Mwaka 1917 vita kuu ilikuwa haijaisha. Wanaume wa pande zetu, wa huku na wa upande ambao leo ni Zambia, walikuwa wakibebeshwa risasi na unga, wale ambao ng'ambo huitwa tengatenga, na waliojua njia walikuwa wakiongoza majeshi ya watu wengine. Boma la Waingereza la Fife, jirani kabisa na Tunduma ya leo, lilishambuliwa na Wajerumani mwanzoni mwa vita na tena Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alipopita akielekea Kasama. Tarehe 25 mwezi huo akasalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala. Baba yake babu alikuwa mmoja wa wabebaji. Alirudi, wengi hawakurudi. Ukimuuliza mtu wa Msangano mwaka 1917 skauti ni nani, angekuonyesha jirani yake mwenye kidonda cha mzigo begani.

Sasa turudi mwaka 1978.

Baba alirudi nyumbani siku ile na skafu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumnyooshea babu mkono wa kushoto. Skauti wote duniani husalimiana kwa kushoto, mwenyewe anajua. Kwetu mtoto huchuchumaa na kupiga makofi taratibu anapomsalimia mkubwa, na mkono wa kushoto una kazi zake ambazo si salamu. Babu aliutazama ule mkono, akaondoka. Hakumpiga. Baba anasema afadhali angempiga, maana kimya kilidumu wiki nzima. Alichokiona babu ni shule iliyomfundisha mwanawe kumtukana baba yake huku akitabasamu.

Baada ya miezi maksai wawili wakapotea usiku. Babu akamwamsha baba. "Haya skauti, wako wapi?"

Baba akaenda kwenye nyayo kubwa zilizoonekana wazi kwenye njia, akaanza kuzifuata kwa haraka. Babu akamwita arudi, akamchuchumalisha chini, jua likiwa bado linapanda kwa pembeni, maana jua la utosini hufuta nyayo zote. Akamwonyesha kijistari chembamba kilichokatiza juu ya ile alama ya kwato. Mdudu amepita hapo, na mdudu yule hutembea usiku. Kwa hiyo nyayo imekuwepo kabla ya usiku, ni ya jana mchana, ng'ombe wakirudi malishoni. Walizunguka boma mpaka wakakuta nyayo nyingine, kingo zake bado kali, majani yaliyokanyagwa yamelala bila kusimama, na umande umefutika kwa mstari kuelekea mtoni. Kinyesi cha kwanza kilikuwa na ukoko juu, cha pili kilikuwa bado laini. Saa nne asubuhi waliwakuta kwenye mchanga wa Momba.

Njiani babu akauliza, "Huyo mwalimu wenu amekufundisha hilo?"

"Hapana."

"Mwambie aje."

Na mwalimu alikuja. Jumamosi moja aliwaleta wavulana kumi na wawili na kaptula zao, na babu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati, akatembea nao kando ya Momba kutwa nzima. Baba akisimulia hapa sauti hubadilika. Siku nyingine zote za uskauti wake anazikumbuka kwa gwaride na kumvisha mgeni rasmi skafu (tukubali jamani, kwa wengi wetu skauti ni mtoto anayemvisha mgeni rasmi skafu). Jumamosi ile anaikumbuka kwa miti. Anaweza kukuonyesha walipokaa.

Haikurudiwa. Mwalimu alihamishwa, na kwa kuwa kikundi kilikuwa cha mwalimu, kwisha habari. Nimezungumza na watu wa rika la baba kutoka wilaya nyingine, hadithi ni hiyohiyo: skauti ilikuwepo, mwalimu akaondoka. Babu angeweza kuiendeleza Msangano kwa miaka ishirini bila bajeti ya mtu, ila hakuna aliyefikiri kwamba ni yake.

Mwanangu alipokuja na karatasi ya kambi nilimuuliza mwalimu wake kama mzazi anaweza kwenda nao. Ni mtu mwema, alinijibu kwa adabu kwamba mzazi anatakiwa kutoa idhini, nauli na unga kilo mbili. Nilitoa. Lakini miongoni mwa majukumu ya mtoto kabla ya kambi kulikuwa na la kufuata nyayo za mnyama na kueleza alivyozitambua, na kwa Tunduma nyayo utakazopata ni za matairi ya malori yanayosubiri kuvuka Nakonde. Kwa hiyo nikampandisha mtoto gari, tukashuka Msangano.

Mzee ana magoti mabovu sasa. Alitutoa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatembea mbele na fimbo, nami nyuma, mtoto katikati na daftari. Alimchuchumalisha palepale kwenye alama za kwato. Nilimsikia akisema maneno ya mdudu, karibu neno kwa neno, nami nikagundua kwamba mimi hakuwahi kunifundisha. Nilikuwa bweni. Mtoto aliandika yote, kisha akamfundisha babu yake fundo, mzee akajifanya halijui.

Karatasi ilikuwa na sehemu tatu chini: jina la mwanafunzi, sahihi ya mwalimu, sahihi ya kiongozi. Mzee aliivuta karibu na macho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mimi nasaini wapi?"

Mtoto akanitazama. Nikamwonyesha pambizo, pale penye nafasi. Akaomba kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi za shule, polepole, na chini yake akaongeza: skauti, Msangano, 1978. Halafu akafikiri kidogo, na juu ya jina lake akaandika la baba yake.