Jina la David Kato kwenye gazeti

Mwezi wa 10, 2010, gazeti moja la Kampala lilitoa majina na sura za watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, likiandika wanyongwe. Huku Kingi, mtu aliyekwisha kukimbia usiku anajua maana ya jina kuwekwa kwenye liste.

David Kato, mwalimu na mtetezi wa watu hao, alikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Hakujificha. Yeye, Kasha Nabagesera na Pepe Onziema walishitaki gazeti hilo, na tarehe 3 Januari 2011 korti kuu ikawapa haki. Wengine wangeweza kusema kwa niaba yao, ndiyo. Lakini bila mlalamikaji mwenye jina na sura, jaji angemsikiliza nani?

Tarehe 26 mwezi huohuo Kato aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake, Mukono. Polisi ilisema kifo hicho hakihusiani na kazi yake. Kijana mmoja alihukumiwa miaka 30.

Kwenye maziko, mchungaji alianza kuwalaani watu kama yeye. Rafiki zake wakamnyang'anya mikro. Wanakijiji wakakataa kuzika. Rafiki hao ndio waliobeba sanduku mpaka kaburini.