Maswali Yanayopima Sonona ya Wazee

Mwezi Juni, Sumbawanga, ni mzee gani atatoka nje jua halijapanda? Nyanda za Ufipa, uliko mji huo, ziko juu, kuna sehemu hufika mita 1,800 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na baridi yake huingia kwenye magoti ya waliolima matuta tangu utoto. Sasa mketishe bibi wa huku umuulize kama siku hizi anapenda kubaki nyumbani kuliko kwenda kufanya mambo mapya. Akisema ndiyo, keshapata alama moja ya sonona.

Swali hilo limetoka mbali. Mwaka 1960 Max Hamilton, daktari wa Leeds nchini Uingereza, alitoa kipimo chenye vipengele 17 cha kupima ukali wa sonona kwa wagonjwa waliokwisha kubainika. Kiliuliza sana habari za mwili: usingizi, hamu ya kula, uchovu. Lakini mzee gani wa miaka 75 halalamikii usingizi? Ndiyo maana nchini Marekani Jerome Yesavage, T. L. Brink na wenzao walianza na maswali 100, wakayachuja hadi 30, na ya mwili yakaachwa. Kipimo chao kilichapishwa mwaka 1983, kikafupishwa mwaka 1986 kuwa maswali 15 ya ndiyo au hapana.

Kwa asiyejua kusoma, huo ni wepesi mkubwa. Dodoso la PHQ-9 la mwaka 2001, ambalo limejaribiwa kwa Kiswahili Kenya na Tanzania, humtaka mtu apime wiki mbili zilizopita kwa ngazi nne, na limo swali la kutuliza akili unaposoma gazeti au kutazama televisheni. Hapo mzee wa kijijini Nkasi ajibu nini?

Hata hivyo maswali 15 ya kina Yesavage nayo yana mitego. Kutotoka nje, alama moja. Kusahau kuliko wenzako, ya pili. Kukosa nguvu, ya tatu. Kuona wengi wana hali bora kuliko yako, ya nne. Na kwa mkulima ambaye mahindi yamemkatalia, huo ni ukweli mtupu. Mara nyingi alama tano zinatosha kutilia shaka sonona. Mimi bado ningechagua kipimo hicho cha maswali 15, mradi muuguzi asome kwa sauti na asiwe na haraka.

Afrika Mashariki ilichelewa hata kuulizwa. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Ushahidi wake mwingi ulitoka hospitalini, na anayenyamaza ndani kwake nani atamfunga kamba ampeleke? Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwepo, tena nyingi. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha majaribio ya dodoso la Hopkins la maswali 25, linalopima pia sonona, yaliyofanyika Dar es Salaam, ila kwa wajawazito wenye VVU.

Kwa wazee, mfano mzuri uko Hai, Kilimanjaro, ingawa ni wa kupima ugonjwa wa kusahau. Watafiti waliwaondolea wazee adha ya kuchora kwa kalamu, wakawapa njiti za kiberiti wapange umbo. Sonona inahitaji ubunifu wa namna hiyo, hasa kuhusu mwili walioutupa kina Yesavage. Mzee akifika dirisha la wazee hospitalini hasemi amekata tamaa. Anasema mgongo, kichwa, moyo kwenda mbio, naye anaandikiwa panadol.