Daraja la biashara na kumbi za wasafiri barani Asia: Hesabu ya mchuuzi wa Huruma

MTAA wa Huruma, ulioko upande wa kaskazini wa barabara ya Juja jijini Nairobi, haukujengewa sifa yake juu ya anasa. Watu huufahamu kwa majumba yake ya ghorofa yaliyobanana, kwa soko la mbuzi la Kiamaiko na kwa wachuuzi wanaoamka kabla ya jogoo. Hata hivyo, mtaa huu una ujirani wa miaka mingi na ndege. Ng'ambo ya barabara ya Juja iko kambi ya jeshi la wanahewa ya Eastleigh, na hapo ndipo palipokuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi kabla ya ule wa Embakasi kufunguliwa mwaka wa 1958. Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza alitua Eastleigh Februari 1952, siku chache tu kabla ya kurithi ufalme.

Siku hizi abiria wa Eastlands hushika barabara ya Outer Ring kuelekea Embakasi, katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA). Wengi wao husafiri kutafuta bidhaa. Biashara ya maduka ya Eastleigh iliyochipuka katika jengo la Garissa Lodge mapema miaka ya tisini ilitegemea Dubai kwa nguo na vifaa vya umeme. Baadaye wafanyabiashara walivuka mbele zaidi hadi Guangzhou, China, mji ambao maonyesho yake makubwa ya biashara yamekuwa yakiandaliwa tangu 1957, na hufanyika mara mbili kwa mwaka.

Msafiri huyo afikapo kwenye kaunta hukuta foleni mbili. Moja ni ndefu, imejaa marobota na mikoba. Ya pili ni fupi, nayo ina zulia. Tofauti baina ya foleni hizo ni kubwa kuliko zulia lenyewe, na kwa mtu anayesafiri na mtaji wake mfukoni, yafaa kuielewa kabla ya kulipa.

Asili ya madaraja

Zamani ndege za masafa marefu zilibeba watu wenye uwezo tu. Katika miaka ya hamsini mashirika ya ndege yalianzisha rasmi daraja la nauli nafuu katika safari za kuvuka bahari ya Atlantiki, na tangu hapo abiria wakagawanyika: daraja la kwanza mbele, daraja la kawaida nyuma. Shirika la East African Airways, lililomilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania hadi liliposambaratika mwaka wa 1977, nalo lilifuata mpangilio huo katika ndege zake za VC10.

Daraja la biashara lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mashirika yaligundua kwamba mtu aliyetumwa na kampuni yake, ambaye alilipa nauli kamili, alikuwa akiketi bega kwa bega na mtalii aliyelipa nusu yake. Wakamtengea sehemu yake. Kwa miaka mingi tofauti ilikuwa kiti kipana na chakula bora. Mapinduzi yalikuja mwaka wa 2000, pale British Airways ilipoweka katika daraja hilo viti vinavyolala vikawa vitanda kamili. Washindani walilazimika kufuata.

Shirika la Kenya Airways halikubaki nyuma. Ndege zake za Boeing 787, ambazo ya kwanza iliwasili Nairobi mwaka wa 2014, zilipangwa viti 30 vya daraja la biashara vinavyolala na viti 204 vya daraja la kawaida. Kwa maneno mengine, katika kila abiria wanane, mmoja tu ndiye huketi mbele.

Ukumbi wenyewe

Ukumbi wa wasafiri ni sebule iliyojitenga na kelele za uwanja. Humo mna makochi, chakula, vinywaji, intaneti, bafu na mahali pa kujilaza. Wazo hilo ni la kale: shirika la American Airlines lilifungua ukumbi wa aina hiyo katika uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka wa 1939. Katika JKIA, Kenya Airways ina kumbi ziitwazo Simba na Pride katika jengo la abiria la 1A.

Ni barani Asia ambapo huduma hii imepaliliwa hadi ikawa vita vya mashirika. Hong Kong, shirika la Cathay Pacific huwaandalia abiria wake tambi za moto zinazopikwa mbele yao. Bangkok, Thai Airways huwakanda misuli abiria wa madaraja ya juu kabla ya safari. Singapore Airlines huwaruhusu abiria hao kuagiza chakula chao siku kadhaa kabla ya kupaa. Dubai, Emirates ilipoanza kutumia ndege za A380 mwaka wa 2008 iliweka baa katika ghorofa ya juu, na uwanja wa mji huo una jengo ambamo kumbi za madaraja ya juu huchukua ghorofa nzima-nzima. Doha, katika uwanja wa Hamad uliofunguliwa 2014, ukumbi wa Al Mourjan una ukubwa wa takriban mita 10,000 za mraba. Qatar Airways nayo ilianzisha mwaka wa 2017 vyumba vya daraja la biashara vyenye milango ya kufunga.

Ushindani huo una sababu. Dubai, Doha na Singapore ni miji yenye wakazi wachache ikilinganishwa na idadi ya abiria wanaopita humo. Mashirika yake huishi kwa kubadilisha ndege: abiria wa Nairobi aendaye Guangzhou, au wa London aendaye Sydney, hulazimika kungoja saa kadhaa. Anayengoja vizuri hurudi tena.

Njia za kuingia

Tiketi ya daraja la biashara ndiyo ufunguo wa kawaida, lakini si wa pekee. Kwanza, kuna pointi. Kila safari humletea mwanachama wa mpango wa uaminifu pointi kulingana na nauli au umbali, na haba na haba hujaza kibaba. Kenya Airways ilijiunga kikamilifu na muungano wa SkyTeam mwaka wa 2010, na mwanachama wa ngazi ya juu katika muungano huo huweza kuingia ukumbini katika safari za kimataifa hata akiwa na tiketi ya daraja la kawaida. Mchuuzi anayekwenda China mara nne kwa mwaka ilhali hajajiandikisha popote huacha mali yake kaunta.

Pili, kuna kadi za uanachama kama Priority Pass, iliyoanzishwa 1992, ambazo baadhi ya benki huwapa wateja wao. Tatu, baadhi ya kumbi huuza nafasi kwa saa. Nne, mashirika mengi huwaalika abiria wa daraja la kawaida kuongeza pesa siku za mwisho ili wasogee mbele iwapo viti vimebaki.

Hesabu ya mtaji

Nauli ya daraja la biashara mara nyingi huzidi ile ya kawaida mara mbili, tatu au hata zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tiketi ya kawaida ni Sh100,000 na ya mbele ni Sh300,000. Mashirika mengi yanayohesabu mizigo kwa vipande humruhusu abiria wa kawaida mizigo miwili ya kilo 23, na wa mbele miwili ya kilo 32. Nyongeza ni kilo 18. Anayenunua kiti cha mbele kwa sababu ya mzigo atakuwa amelipa zaidi ya Sh11,000 kwa kila kilo ya ziada. Hakuna viatu wala vipuri vya simu vinavyostahimili gharama hiyo sokoni. Mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi na kuisafirisha pamoja, kwa ndege au kwa kontena, hutoza kiasi kilicho chini mno.

Kwa hivyo faida ya kiti cha mbele yafaa itafutwe kwingine. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Guangzhou huchukua takriban saa 11. Anayefika asubuhi akiwa amelala anaweza kuingia kiwandani siku hiyo hiyo. Aliyekesha hupoteza siku ya hoteli. Ikiwa siku hiyo yaleta mkataba wa mamilioni, nauli imejilipa. Ikiwa ni ya kuchagua marobota matatu, haikujilipa.

Usalama wa mtaji pia hutegemea mambo yasiyohusu kiti. Januari 31, 2020, Kenya Airways ilisitisha safari zake za Guangzhou kutokana na virusi vya corona. Wenye pesa zilizofungwa katika bidhaa zilizokwama walijionea wenyewe kwamba akiba ndiyo mto laini kuliko wote.

Wagonjwa

Kuna abiria mwingine wa Eastlands ambaye kwake jambo hili si anasa: mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu baada ya jamaa kuchanga. Asiyeweza kuketi wima kwa takriban saa sita hadi Mumbai huenda akahitaji kiti kinacholala, na asiyeweza kuketi kabisa hulazwa kwenye machela inayofungwa juu ya viti kadhaa. Yote mawili huhitaji fomu ya daktari na idhini ya shirika mapema. Familia inayopanga bajeti ya mchango sharti iulize nauli hiyo kabla ya harambee.

Hata mwenye afya asidhani kuwa kiti kipana ni kinga kamili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2007 kwamba hatari ya damu kuganda miguuni huongezeka takriban maradufu baada ya kuketi bila kujongea kwa saa nne au zaidi, na chanzo ni kutojongea kwenyewe. Kutembea kidogo na kukunjua miguu hakulipiwi popote ndegeni.

Kutangulia si kufika, walisema wahenga. Pazia linalotenganisha madaraja hufunguliwa ndege itulapo, na abiria wote hukanyaga ardhi ile ile kwa tofauti ya dakika chache. Kwa mchuuzi wa Huruma, swali la kujiuliza kaunta ni moja: je, pesa hizi zitarudi na bidhaa, au zitabaki angani?