Konyeza wa Ghuba ya Chesapeake na jamaa zao

KILA majira ya joto yanapowadia, waogeleaji katika Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani, huingia majini kwa hadhari. Wanayemhofu ni konyeza, kiumbe laini aonaye kama utelezi, ambaye baadhi ya watu hapa kwetu humwita yavuyavu, na ambaye minyiri yake huchoma na kuwasha ngozi.

Ghuba hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 320, ndiyo kubwa kuliko zote nchini Marekani miongoni mwa sehemu ambazo maji baridi ya mito hukutana na maji chumvi. Mto Susquehanna pekee huleta karibu nusu ya maji baridi yaingiayo humo. Kaskazini maji hayana chumvi nyingi. Kusini, karibu na Bahari ya Atlantiki, chumvi huzidi. Tofauti hiyo, pamoja na joto la maji, ndiyo huamua kiumbe gani aishi wapi na aonekane lini.

Aliye maarufu zaidi ni Chrysaora chesapeakei. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa aina moja na Chrysaora quinquecirrha wa bahari ya wazi, hadi mwaka 2017, wanasayansi Keith Bayha, Allen Collins na Patrick Gaffney walipoonyesha, kwa kuchunguza vinasaba na maumbile, kwamba hao ni wawili tofauti. Yule wa ghubani ni mdogo zaidi na minyiri yake ni michache. Inashangaza kwamba kiumbe anayejulikana na kila mtoto wa pwani ile alichelewa kiasi hicho kutambuliwa na wataalamu.

Aidha, wapo Aurelia, mwenye alama nne za mviringo juu ya mwavuli wake, na Cyanea, ambaye huonekana wakati wa baridi, wengine wakiwa wametoweka. Nemopsis bachei ni mdogo mno, na wengi humpita bila kumwona.

Kundi la tinofora mara nyingi huchanganywa na konyeza, ingawa ni ukoo mwingine kabisa. Hawa hawachomi. Huogelea kwa safu nane za vinyweleo ambavyo hung'aa rangi za upinde wa mvua vinapopigwa na mwanga, na hunasa chakula kwa chembe zenye ulimbo. Mnemiopsis leidyi hutoa mwanga akiguswa usiku. Adui yake ni tinofora mwenziwe, Beroe, ambaye humla.

Kutoweka kwa Chrysaora wakati wa baridi si kufa kwa kizazi. Hubaki chini kama polipu, viumbe vya milimita chache vilivyojishikiza kwenye makombe ya chaza na vitu vingine vigumu. Maji yanapopata joto, polipu hujikata vipande mithili ya sahani zilizopangwa, na kila kipande huwa konyeza mchanga.

Hapo ndipo habari ya chaza inapoingia. Mnemiopsis hula mabuu ya chaza pamoja na mayai ya samaki. Chrysaora naye humla Mnemiopsis, na utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulibaini kwamba mabuu ya chaza anayoyanasa huyatema karibu yote yakiwa hai. Kwa maneno mengine, yule anayelaaniwa na waogeleaji huwalinda chaza, na makombe ya chaza humpa makazi. Chaza wa ghuba hiyo wamepungua mno kutokana na uvuvi wa kupindukia, maradhi na uharibifu wa mazingira, hivyo pande zote mbili zimepata hasara.

Mahali asipokuwapo wa kumzuia, Mnemiopsis ameleta maafa. Aliingia Bahari Nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yaelekea ndani ya maji ambayo meli hubeba ili zisiyumbe. Kufikia mwishoni mwa muongo huo uvuvi wa dagaa ulikuwa umeporomoka, ingawa uvuvi wa kupindukia nao ulichangia. Nafuu ilianza kuonekana baada ya Beroe kufika huko mwaka 1997.

Kwa upande wa waogeleaji wa Chesapeake, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na anga, NOAA, limewahi kutoa ramani za kutabiri mahali Chrysaora atakapokuwapo. Hesabu zake hutegemea mambo mawili: joto la nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi, na chumvi ya gramu 10 hadi 16 hivi katika kila kilo ya maji.